Mapadri wa Ng'ambo ya Lualaba

Mshumaa ukizimwa karibu nami, hata leo, harufu ya moshi wake hunikausha koo.

Mapadri wasomi, waliojifungia na vitabu vyao ng'ambo ya mto Lualaba, siku moja nikiwa mtoto walitoka wote kuja misheni kwetu. Walipita nyuso zimefunikwa, mishumaa mkononi, kimya. Sisi watoto wa kambi ya mgodi tulijua: batumbula, wale wanaokula watu, huanza kwa kukunyang'anya sauti.

"Mama, tukimbie!"

Hakunisikia. Alikuwa akimtafuta kaka yake, aliyeingia kwa mapadri hao kusoma asirudi.

"Yaya! Kaka yangu!" akaita, akamshika mmoja kanzu.

Yule akageuka, kitambaa kikamwanguka usoni. Alikuwa na macho ya mama. Midomo yake ikafunguka, ikafungwa. Akapuliza mshumaa, akawafuata wenzake.

"Tuende," mama akaninong'oneza. "Balisha kumukula, wamekwisha kumla."