Miche Iliyotutoa Shambani

Siku hiyo msituni tulikuwa sita: mimi, wadogo zangu watatu, mjomba wetu na askari wa msitu. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili nilime.

Kipande chetu kilikuwa pale miti ilipokatwa. Masharti ya msitu yalikuwa haya: panda viazi katikati ya miche ya miti, palilia vyote pamoja, na miche ikishatia kivuli, utoke. Kwa hiyo aliyeitunza vizuri ndiye aliyetoka mapema. Wengi walikata mizizi upande mmoja, chini ya udongo. Mche ukadumaa, nao wakavuna msimu mwingine.

Askari alizunguka miche yetu. "Mmefanya kazi," akasema. "Msimu huu ndio wenu wa mwisho."

Alipoondoka, mjomba alinipa panga lake nikate mizizi. "Kidogo tu, kila mmoja. Mti hauendi kushtaki kwa chifu."

"Hapana, mjomba."

"Basi huyu utamlipia karo kwa majani?"

Huyu alikuwa mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa ameitwa shule ya upili. Viazi ndivyo vilivyokuwa karo yake.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Zamani tulisomeshwa na nduma za mama, alizolima kando ya kijito na kuziuza soko la Majengo. Msitu wa juu ulipofyekwa, kijito kikawa kinakauka kila kiangazi, nduma zikanyauka. Viazi havikuwahi kufikia pesa za nduma. Nilimwambia mjomba hivyo, na kwamba miti ikikua maji yatarudi.

"Hayo maji yatarudi ukiwa nyanya."

"Basi nitachota nikiwa nyanya."

"Kichwa ni cha baba yako hicho," akasema, akachukua panga lake.

Kivuli kilipunguza mavuno, karo haikutimia. Nilimwendea mjomba kwake. Alinisimanga kidogo, kisha akamfungua beberu mmoja. "Mpeleke soko la Kianjai. Ila utanirudishia mbuzi jike mwenye mimba."

Mdogo wangu aliingia shule. Wale wawili nao wakamfuata, na kila mbuzi niliyemlea akaishia kwenye karo. Kijito bado hukatika, ingawa sasa ni kwa wiki chache tu. Mjomba, kila tukikutana, huniuliza kama mbuzi wake amezaa. Ninaye jike mmoja zizini. Bado hajafikia kupandwa.