Kiganja Ukutani

Harufu ya udongo mbichi bado hunikausha mate. Shule yetu huku Kisarawe tuliikandika wenyewe. Siku ya kuja mkaguzi wa Kizungu, mwalimu alikuta alama ya kiganja ukutani.

"Mkono wa nani huu?"

Tukapangwa mstari, kila mmoja apime wake. Rafiki yangu alitangulia, kiganja chake kikaenea sawasawa. Alichapwa huku akiapa si yeye. Mimi niliyeteleza jana yake nikajishikiza pale, sikufungua mdomo.

Leo mafundi wanaikarabati shule ile. Wamebandua chokaa, alama imetokeza.

"Bibi," fundi ananiuliza, "tuiache iwe kumbukumbu?"

"Iacheni," nimemjibu, mkono nimeuficha ndani ya kanga.