Radi, Waya ya Shaba na Baba Musafiri

Siku yangu ya kwanza pale posti yetu ya kusikiliza redio kando ya Kasongo, ilikuwa jioni, chef, mukubwa wetu, Mubelgiji, alinivalisha vyombo vya masikio, akaniambia nifunge mudomo. Nikasikia kitu kinapiga muluzi: kinaanza juu sana, kinashuka, kinapotea. Nikafikiri ni ndege.

Akanieleza kama haiko ndege. Radi ikipiga, inatoa mawimbi ya redio yenyewe, bila mashine ya mutu. Mengine yanapanda kule juu kabisa, mahali hewa iko na umeme ndani yake, yanafuata nguvu ya sumaku ya dunia, yanashuka upande wa pili wa dunia. Sauti nyembamba zinatangulia, nzito zinachelewa. Ndiyo maana unasikia muluzi unaoshuka. Kwetu ulikuja mara chache, na chef aliutafuta kama mutu mwenye njaa. Kwa kuunasa, tulivuta waya ndefu ya shaba juu ya nguzo.

Zamu, mulinzi wa ile waya, alikuwa Baba Musafiri, Mubangubangu wa Kabambare. Mchana mmoja wa mvua, radi ikapiga waya yenyewe, kipande kikayeyuka. Kwao, kitu kilichopigwa na radi hakiguswi mpaka mwenye dawa yake afike. Basi muzee akafunika zile ncha na majani, akaenda kumuita. Chef akakuta waya imekatika, imefunikwa, zamu hayuko. Muzee aliporudi, chef akamuita mwizi wa shaba. Muzee alieleza mara mbili, akaambiwa anyamaze.

Nikafunua majani, nikaonyesha shaba nyeusi, iliyoyeyuka.

"Chef, ni radi. Ni wewe ulitufundisha nguvu yake."

"Kazi yako ni kusikiliza," akasema, "haiko kusema."

Polisi wakamupeleka buloko, kufungwa. Alifia mule, kwa wizi ambao haukuwako! Mpaka leo nikitaja jambo hili, damu inanichemka.

Uhuru ulipokaribia, chef akafunga mizigo, akaniachia vile vyombo vya masikio, eti zawadi. Zawadi gani? Nikamupelekea mujane wa Baba Musafiri, aviuze.

Sasa nimestaafu, niko na pansio yangu, na vijana wananiuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Vyombo viko hapa nyumbani, kwa sababu yule mama alinirudishia siku ileile.

"Baba," aliniambia, "vilisikia radi ya upande wa pili wa dunia, na bwana yangu aliyesimama mbele ya wenye vyombo hawakumusikia. Mimi nitavifanyia nini?"