Kunguru Wasio na Adabu wa Sorrel Bend

Kraa. Mara moja tu, kavu, yenye mkwaruzo mwishoni kama ukucha unaopita juu ya gome. Ndivyo filimbi ya baba yake ilivyolia asubuhi ile ya umande ulioganda, Verlon Stallcup akiwa bado mtoto wa kubebwa mabegani, na kabla mwangwi haujafika kwenye miti ya ng'ambo, kunguru walikuwa wamekwisha kuja, weusi tele, wakiuliza kuna ugomvi gani na mbona hawakualikwa. Verlon aliisikia sauti hiyo kichwani maisha yake yote. Bahati mbaya, ilifika siku ikawa ndiyo sauti pekee anayoisikia vizuri.

Alikuwa fundi wa filimbi za kuitia kunguru huko Sorrel Bend, mji mdogo wa magharibi ya Tennessee wenye makanisa mengi kuliko taa za barabarani. Ufundi wake haukuwa wa masihara. Alitwaa kipande cha mwerezi mwekundu kilichokaukia darini, akakikereza kwenye mashine mpaka kikakaa mkononi kama yai, akakitoboa katikati, akatia ndani yake ulimi mwembamba wa kutoa mlio. Kisha alishika tupa, akawa anaukwangua ulimi ule na kupuliza, anakwangua na kupuliza, mpaka kunguru aliyekaa kichwani mwake aseme basi. Watu walitoka Kentucky, walitoka Arkansas, kuja kununua. Kunguru hafugiki, lakini Verlon alikuwa akiwaita kama kuku wa nyumbani.

Sasa, mwinda kunguru huwaita ili awapige bunduki, na bunduki hailii nchi ya mbali. Hulia kando ya shavu lako. Nedra, mkewe, alimnunulia vizibo vya masikio. Verlon akashukuru sana, akazibia chupa za mafuta ya mashine. Masikioni wakaanza kumpotea ndege wadogo, ikafuata kengele ya simu, akafuata Nedra mwenyewe, hasara ambayo kwa muda mrefu aliistahimili kiume.

"Masikio yangu mazima!" alinguruma mezani. "Ni nyinyi mnaomung'unya maneno!"

"Sawa, mpenzi," Nedra alimjibu, akimsogezea kambare wa kukaanga. "Mji mzima tuna maharage mdomoni."

Katika kuondoka kwake, sauti haimwachi mtu yote kwa pamoja. Katika mlio wa kunguru, mkwaruzo ule ndio uliotangulia kumtoka Verlon. Basi kila filimbi mpya aliiona imepooza, akaukata ulimi na kuukwangua zaidi, mpaka ausikie mkwaruzo wake. Yeye alisikia kunguru wa baba yake. Wengine walisikia paka aliyekanyagwa mkia na pikapu.

Utasema, mbona hakuna aliyemwambia? Basi wewe hujaishi Sorrel Bend. Pale ukimwibia mtu mashua, mtapatana baada ya ibada. Lakini umwambie kazi ya mikono yake ni mbovu, nawe umekula pai ya mkewe? Huo ni ushenzi wa watu wa mjini. Walikuja bandani, wakaijaribu filimbi, macho yakawatoka machozi, wakasema, "Ndugu Verlon, hii haina mfano." Hapo wala hawakudanganya. Wakaitundika shingoni kwa ugwe wake, wakaenda nayo kanisani na sokoni. Porini walikwenda na ya plastiki, iliyofichwa mfuko wa ndani kama chupa ya wiski ya shemasi. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu maskini hakujua kuwa ameyatia. Waliojua ni wanywaji, nao waliyanywa maji na kupepesuka kwa heshima.

Verlon aliona kwamba kunguru hawaji tena. Akachunguza, akapima, akatoa hukumu: "Kunguru wa siku hizi hawana adabu! Wamelelewa kwenye majalala!"

"Ndiyo, ndugu," waliitikia. "Malezi yameharibika."

Mambo yangeendelea hivyo, kila mtu akiwa mstaarabu hadi kaburini, kama si chakula cha mchana cha kanisa. Siku hiyo walikuwa wakizungumzia sherehe ya kambare, ambayo kila mwaka huwa na mashindano ya kuita kunguru. Verlon akasimama na glasi yake ya chai baridi yenye sukari.

"Mwaka huu napuliza mwenyewe! Filimbi yangu mwenyewe! Nisiposhinda, nauza mashine, nafunga banda, nakaa kibarazani kama Doyle!"

Doyle Hatchett, rafiki yake wa tangu utoto na mwamuzi mkuu wa mashindano, alicheka na wengine. Nedra hakucheka. Alikwisha kumwona mumewe wakati wa mafua, aliposhindwa kwenda bandani: kwanza alizipanga upya sufuria zake zote, kisha akakaa dirishani akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mgeni aliyekataa kuondoka. Mtu yule bila banda asingefika msimu mwingine. Kesho yake alimfuata Doyle kibarazani.

"Doyle, mwambie."

"Nimwambie nini, dada?"

"Usijifanye mtoto."

"Wewe ndiye unayelala naye kitanda kimoja."

"Nilimwambia. Hakusikia."

"Ulimwambia kwa sauti?"

Nedra alikuwa amemwambia akiosha vyombo, bomba likitiririka, mgongo kamgeuzia.

"Haya basi," Doyle akasema. "Tuliachie turubai liseme."

Turubai hilo ndilo hekima kuu ya Sorrel Bend. Waamuzi huketi nyuma yake wasimwone apulizaye, wampe alama kwa sauti peke yake. Maana bila turubai watu hawa wangempa kila mtu ushindi, na yule asiyeshiriki wangempa nusu.

Siku ya sherehe wapulizaji walipita mmoja mmoja, kunguru wa mbao wakalia vizuri, waamuzi watatu wakaandika alama zao kwa utulivu. Halafu upande wa pili wa turubai ukatoka mlio. Mtoto mchanga akaangua kilio. Mbwa akaingia chini ya gari na hakutoka. Waamuzi wakatazamana. Turubai huficha uso. Haliwezi kumficha paka. Wilaya nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kutoa mlio ule.

Doyle akaishika kalamu. Aliwaza juu ya mashine kuuzwa. Aliwaza juu ya Verlon kukaa kando yake kibarazani kila siku ya Mungu, akinguruma. Akaandika alama kamili. Alipochungulia kwa wenzake, walikuwa wamekwisha kuandika hivyo hivyo.

Verlon akashinda. Nderemo, kofia juu, mchungaji akamkumbatia. Katika furaha hiyo ya kumwokoa mtu kwa uongo, walisahau jambo moja: mshindi huingia katika shamba la mabua nyuma ya kituo cha zimamoto, akawaita kunguru halisi, watu wakitazama.

Kunguru walikuwepo, wamejaa kwenye miti ya pekani, wakivizia mabaki ya samaki. Verlon akatembea hadi katikati ya shamba, akavuta pumzi, akapuliza. Wakainuka wote kwa pamoja, wakashika njia ya Missouri. Akapuliza tena. Mbingu ikabaki tupu, safi kama sahani iliyofutwa kwa mkate.

Watu wakapiga makofi.

Hakuyasikia, lakini aliiona mikono. Aliitazama mbingu, akaitazama mikono, akaitazama mbingu. Masikio yalimwacha, lakini macho, yaliyozoea kusoma anga, hayakuwa yamemwacha. Akamtafuta Doyle. Doyle ndiye aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote, amejiinamia, anavitazama viatu vyake.

Nedra akayavuka mabua na viatu vyake vya kanisani, akasimama mbele ya mumewe mahali anapoweza kuuona mdomo wake.

"Tangu lini?" Verlon akanguruma. Sherehe nzima ilisikia. Makofi yakakatika.

"Tangu mwaka wa mafuriko!" Nedra akapaza sauti. Safari hii hakumpa mgongo.

"Na wote mlijua?"

"Hata mchungaji!"

"Verlon, ndugu yangu," Doyle akasema, amefika anahema, "sikutaka uuze mashine!"

"Funga mdomo wako, mnafiki!"

"Nimeufunga miaka yote. Ndiyo taabu yenyewe!"

Verlon akainua mkono wenye filimbi. Watu wakarudi nyuma, wakidhani ataivurumisha. Akaifuta kwa shati, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua, akaitia katika kiganja cha Nedra na kuvifumba vidole vyake juu yake. Na yule mtu, ambaye miaka mingi sauti yake haikujua kushuka chini ya ngurumo, aliinama mpaka ukingo wa kofia yake ukagusa nywele za mkewe, akasema kwa sauti ndogo hata Nedra nusura amwombe arudie:

"Kesho twende bandani. Nikikwangua, unisikilizie."