Joka la Wilma Lililoogopa Moto

Nilipika na Wilma Thirkettle miaka tisa katika jiko la shule moja pale Grimsby, Uingereza. Kupika hakujua sana, ila kwa maneno, ukimpa sikio moja anachukua yote mawili.

Mumewe alipofariki, akaanza kuandika hadithi ya joka linaloogopa moto. Aliandika saa za mapumziko, amekalia gunia la viazi, miwani imejaa mvuke. Wachapishaji kumi na mmoja waliikataa. Wa mwisho alimjibu kwamba joka lisilotema moto ni mjusi tu.

"Mjusi!" Wilma alifoka, akiponda viazi hadi vikawa uji. "Huyu hajawahi kuwa mtoto?"

"Labda alizaliwa na tai shingoni," nikamwambia.

Akacheka, kisha akalia ndani ya aproni. Alitaka kuyatia makaratasi yote kwenye oveni. Nikamnyang'anya. "Wasomee watoto kwanza, mwenzangu. Wakikataa, kiberiti nitawasha mimi."

Akawasomea pale kwenye foleni ya chakula. Kengele ikalia, hakuna aliyetikisika. Samaki wakapoa. Mwalimu mkuu, Bwana Ogilby, akaja mbio, uso umeiva.

"Mama Thirkettle! Hii ni shule au kijiwe cha kahawa?"

"Samahani, mwalimu. Namaliza sasa hivi."

Watoto wakapiga kelele. Mwalimu akatazama saa, akatutazama sisi. "Ngoja kidogo. Hilo joka limetoka pangoni au bado?"

"Bado."

"Basi litoe kwanza, halafu wote darasani!" Akavuta kiti.

Wiki hiyo watoto sitini na wanne walimwandikia barua yule bwana wa mjusi. Binti mmoja alimwita kichwa cha kabeji. Mwalimu akasahihisha tahajia tu. Baada ya siku kumi simu ikalia jikoni.

"Bi Thirkettle? Tafadhali waambie hao watoto waache kuniandikia. Kitabu tunakichapa."

Wilma akakaa sakafuni puu, akanisukumia simu. Ikabidi nijibu mimi, "Amekubali."

Siku kitabu kilipoingia dukani mvua ilinyesha kama imetumwa, lakini foleni ilizunguka kona. Wilma alitia saini hadi kidole kikavimba. Bwana Ogilby alikuwa wa tatu, amelowa chapachapa, akidai anamnunulia mpwa wake.

Hana mpwa.