Udongo wa Zizini

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitoboa ardhi za watu, na watu wakamwita Mama Kekee. Jina lilitokana na chuma alichotembea nacho begani, ncha yake imesokotwa kama parafujo na mpini wake unashikwa kwa mikono miwili. Anakizungusha mpaka kizame sentimita thelathini, anakivuta, anakung'utia udongo kwenye mfuko wa karatasi, anaandika namba ya shamba. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Aliingia ofisi ya kilimo akiwa mfagiaji wa maabara, akapandishwa kwa sababu mchukua sampuli wa wakati ule aliumia mgongo na hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuchafuka. Sasa mgongo wake mwenyewe ulikuwa unamlilia, lakini alijikaza kisabuni. Ilibaki miezi minane astaafu, na mtu wa miezi minane hatafuti makuu.

Ndipo waraka ukaja. Ulibandikwa ukutani karibu na jiko la kukaushia udongo, pale ambapo joto hukunja kila karatasi, naye akausoma huku ameubana kwa vidole viwili. Alipofika mstari wa nne, kijasho chembamba kilimtoka, na hakikuwa cha jiko.

Tuanze nyuma kidogo. Miaka minne kabla ya hapo serikali ilileta mpango wa kuhifadhi hewa ukaa. Wakulima wa bondeni waliambiwa waache kutifua ardhi, waache kuchoma mabua, wafunike mashamba kwa majani, ili ile hewa inayoipasha dunia joto ifungiwe chini udongoni. Kabla ya kuanza, kila shamba lilipimwa. Kupimwa kwa ajili gani, hakuna aliyefafanua. Wakubwa wana hulka ya kukutuma leo na kukueleza mwakani. Uvumi ukajaa pale maelezo yalipokosekana, kwamba mashamba yenye udongo mbovu yatachukuliwa yapandwe miti ya serikali. Mama Kekee aliuamini kama wengine. Na shamba la wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, lilikuwa na udongo mwekundu uliochoka, wa kukutia huruma.

Basi alifanya nini? Alama namba saba, pale sampuli ya shamba hilo ilipotakiwa kutolewa, ilikuwa katikati ya mahindi. Yeye akatembea hatua arobaini hadi lilipokuwa zizi la ng'ombe zamani, akatoboa pale penye samadi ya miaka kumi, akajaza mfuko na kuandika juu yake: alama namba saba. Hakumwambia mtu, hata wifi mwenyewe. Jioni ile alirudi nyumbani moyo mweupe, akijiona ametenda jambo la maana kuliko yote tangu azaliwe. Maabara ikatoa jibu kwamba shamba la wifi lina udongo bora kuliko mashamba yote ya bondeni.

Sasa mstari wa nne wa waraka ulisema hivi: shamba ambalo kipimo chake cha pili hakitazidi cha kwanza litaondolewa mikononi mwa mkulima na kuingizwa kwenye msitu wa kupandwa. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa amempandisha wifi yake kwenye dari, na sasa serikali inamwambia aendelee kupanda.

Siku ya kupima tena alidamka mapema. Kabla wifi hajaamka alikuwa ameshafika kwenye lile zizi la zamani, amechimba, amechanganya udongo wake na samadi mpya ya jirani, amejaza mfuko na kuuficha chini ya mingine kwenye begi la turubai.

Saa tatu mkaguzi kutoka makao makuu akawasili, dada mmoja mrefu mwenye viatu vya mpira na asiyecheka ovyo. Mkononi alikuwa na kidude cha kusoma setilaiti.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye uliyepima mara ya kwanza?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Vizuri. Basi leo utapima wewe, mimi natazama tu."

Natazama tu! Mama Kekee alilikaza begi begani. Wakafuata kile kidude katikati ya mahindi, wifi akiwatangulia kwa madaha kama anayeongoza wageni wa harusi. Majani makavu yalifunika ardhi yote, hata pa kukanyagia udongo mtupu hapakuwepo. Kidude kikalia, mkaguzi akapigilia kijiti kidogo.

"Hapa. Alama namba saba."

Mama Kekee alisogeza majani, akasimika kekee na kuizungusha. Alijiandaa kwa ule ugumu wa udongo mwekundu, wa kuning'inia kwenye mpini kwa uzito wote wa mwili. Haukuwepo. Chuma kilizama kwa ulaini mpaka akapepesuka. Alipokivuta, udongo uliotoka ulikuwa wa kahawia iliyokolea, una unyevu, na nyungunyungu mmoja aliyekatwa akijinyonganyonga.

"Ona, wifi! Si unaona?" Wifi alipiga makofi. "Walinicheka barabara nzima, eti mwendawazimu analisha ardhi majani. Haya, waje! Wapime hata mara kumi, siogopi mtu!" Akageuka kwenda nyumbani kuwaletea maji ya kunywa, anatembea huku anaimba.

Mama Kekee aliutazama ule udongo. Hakuhitaji maabara, macho yake yalitosha. Ulikuwa umepanda karibu mara mbili ya ule mwekundu wa zamani, kazi ambayo wataalamu wangeandikia vitabu. Na bado ungeshindwa, tena vibaya, na ile samadi ya zizini.

Simu ya mkaguzi ikaita. Akajibu, mtandao ukakatakata, akasogea mbali na kuwapa mgongo. Mama Kekee alitumbukiza mkono kwenye begi mpaka chini kabisa, vidole vikaugusa ule mfuko wa alfajiri. Kazi ya kufumba na kufumbua: huu atoe, ule ausukumie ndani. Wifi angebaki na shamba, yeye na miezi yake minane, na mkaguzi angerudi kwao na viatu vyake.

Lakini ule mwingine angeupeleka wapi? Angeumwaga. Angeumwaga chini udongo ambao wifi yake aliutengeneza kwa kichwa na shingo, mzigo wa majani kila asubuhi, na kuweka mavi ya ng'ombe mahali pake. Kwa mara ya pili. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, inayochoma masikio. Kumbe siku ile hakuwa amemsaidia wifi. Alimdharau. Hakuwahi kuamini kwamba yule mwanamke anaweza.

Akautoa mkono mtupu.

Mkaguzi aliporudi, alimkuta amejaza mfuko mmoja, ameufunga na kuuandika.

"Kuna jambo nataka uandike kwenye fomu yako," Mama Kekee alisema. "Kipimo cha kwanza si cha hapa. Nilikitoa zizini, pale. Nilidhani nalinusuru shamba. Mwenye shamba hajui lolote."

Mkaguzi alishusha kalamu. "Mama, unaelewa nikiandika hivyo kazi yako imekwisha? Na kiinua mgongo watakuwekea vikwazo."

"Naelewa. Niambie shamba linakuwaje."

"Kipimo cha kwanza kinafutwa. Hiki cha leo ndicho kinakuwa cha kwanza. Anahesabiwa upya, miaka minne mingine, na hapo katikati hakuna wa kumgusa."

"Kutokea hapa?" Sauti ilikuwa ya nyuma yao. Wifi alikuwa amesimama kati ya mahindi na jagi la maji na bilauri mbili, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote. "Yaani nianze kupandisha kutokea hapa nilipofika?"

"Ndiyo, mama," mkaguzi akajibu, kwa upole safari hii.

"Na hii minne niliyobeba?"

Mkaguzi aliinama akaandika, Mama Kekee akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akakabidhi kekee pamoja na begi. Mfuko wa alfajiri aliutoa mwenyewe mbele yao, akaupasua na kuumwaga. Mkaguzi aliutazama, akatikisa kichwa, akaondoka bila kunywa maji.

Wakabaki wawili. Mama Kekee alisubiri matusi. Aliyataka hata, yangemrahisishia.

"Ungeniuliza," wifi alisema hatimaye. "Siku ile ungeniuliza tu, wifi."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Nitakwambia nikijua." Alimimina maji kwenye bilauri moja, akanywa mwenyewe mpaka mwisho, kisha akaijaza tena na kumpa. "Kesho huna kazi, sivyo?"

"Sina."

"Basi njoo na panga na kamba ya kufungia mzigo. Minne ya kwanza nimebeba peke yangu. Hii mingine nusu ni yako. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, na mimi simsubiri mtu."