Soketi ya Mkwe

Pale Otonglo, kando ya barabara ya Busia, mafundi ni wengi kuliko magari mazima, na hakuna hata mmoja asiye na mdomo. Kila mtu ni bingwa wa injini, ati kila mtu alifunzwa na Mjapani. Lakini bolti ikigoma, nazungumzia ile iliyoliwa na kutu mpaka ikashikana na chuma kama ndugu wa tumbo moja, midomo inafungwa ghafla. Huyu anakumbuka ana mteja kwingine, yule anajikuna kichwa. Ndipo mtu anasema, "Haya basi, mwiteni Mzee Waswa."

Waswa alikuwa anakaribia sitini, mtu wa Webuye aliyekuja Kisumu na shati moja, mfupi, mkavu, vidole vinene kama vya kuazima. Katika mambo mengine hakuwa fundi wa kusifiwa. Umeme wa gari ulimshinda, na ukimpa gia boksi atakurudishia ikiwa imefungwa, huku skrubu tatu zimembaki mkononi na hajui zilitoka wapi. Jina lake lilitokana na kazi moja tu, kufungua kilichokataa. Miaka thelathini na miwili hakuwa amekata bolti ya mtu, na hilo alilisema hata matangani, ambako hakuna aliyemuuliza.

Aliyemfunza ni Joginder, Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji karibu na reli. Joginder alipozeeka akafuata watoto wake ng'ambo, alimwachia Waswa soketi saba za kuvalishia bolti, na mpini mrefu wa kuzizungushia. Vyuma vyeusi, vizito, vibaya vya sura. "Bolti yeye iko na sikio, Waswa," mzee yule alikuwa akimwambia. "Wewe ongea pole pole, yeye nafungua." Na Waswa aliongea nazo kweli. Kwanza anasugua kutu kwa brashi ya waya. Kisha anamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, anaketi kando na chai yake huku bolti nayo inakunywa yake. Halafu anaigonga bolti kichwani kwa nyundo ndogo, ngo, ngo, ngo, bila hasira. Mwisho anafanya lile ambalo vijana hawakuliamini hata walipoliona kwa macho yao: anaikaza kidogo kwanza, ndipo anailegeza. Wakati mwingine kazi hiyo ilimaliza nusu siku. Aliyekuwa na haraka aliambiwa apeleke gari lake kwa wenye haraka.

Sasa, mwaka huu, Nelima akarudi nyumbani. Huyo ndiye binti yake wa pekee, aliyeolewa Usenge na Oketch, mchuuzi wa samaki. Alirudi na mfuko mmoja, bila watoto wake wawili, maana kwa akina Oketch walimwambia wazi kwamba mke anaweza kuondoka lakini watoto ni wa boma. Mama yake, Nasipwondi, alimuuliza kilichotokea, akajibiwa, "Nimechoka, Mama." Basi. Waswa hakuuliza. Baba hamuulizi binti aliyeolewa mambo ya nyumba yake, ndivyo alivyolelewa, na ukweli ni kwamba alishukuru kuwa na desturi ya kujificha nyuma yake.

Miezi mitatu ikapita. Majirani wakaanza kusalimia kwa sauti ile ya kuchungulia, "Nelima bado yuko?" Lakini hayo Waswa angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni kumsikia bintiye jikoni akiita majina ya watoto wake peke yake, kama mtu anayehesabu. Kwa hiyo Oketch alipopiga simu kwamba Jumamosi atakuja kumchukua mkewe, Waswa alimwambia Nasipwondi, "Siku hiyo asikwazwe. Sitaki mtu amkwaze huyo kijana kwa neno lolote. Nelima lazima afike kwa watoto wake."

Jumamosi Oketch hakwenda nyumbani kwa wakwe kama mtu aliyelelewa. Alikuja moja kwa moja kwenye kiwanja cha mafundi, mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa. Alishuka kwenye Probox inayonuka samaki kuanzia barabarani, na chini yake gari hilo lilikuwa likigonga kila linapopita shimo. Akanunulia mafundi soda. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kucheka kabla ya wewe kujua kilichochekesha. Kisha akafungua mlango wa nyuma akatoa sanduku jekundu la plastiki, akalifungua juu ya boneti.

"Baba!" akaita, ili kiwanja kizima kisikie. "Vyombo vya kazi. Vipande mia moja na nane! Mjerumani mwenyewe. Sasa zile chuma za Kalasinga upelekee wanunuzi wa skrepa."

Lo, vilimeta! Mafundi wakasogea, wakashika, wakapiga miluzi. Waswa akachukua soketi moja, na vidole vyake vikamwambia habari yote kabla ya macho. Nyepesi. Ukingo wake mwembamba, na ndani zile pembe za kushika bolti zilikuwa zimelainika tangu kiwandani. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimetembezwa mpaka Otonglo na soda juu.

"Asante sana, mwanangu," Waswa akasema. "Nimeshukuru."

Idd, fundi wa banda la pili, mtoto wa mjini mwenye ulimi mkali kuliko wembe, akaipokea soketi ile akaipima kiganjani. Akamsogelea Waswa sikioni. "Mzee, hii itapasuka. Usithubutu."

"Nyamaza, Idd."

"Mimi nakuambia tu."

"Nimesikia. Nyamaza."

Maana ngoja nikueleze jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa. Kwa Waswa, zawadi ya mkwe haiwekwi kando. Mkwe akikuletea blanketi, unajifunika palepale, hata kama jua linachoma. Ukilikunja ukaliweka, umemwambia kwamba mkono wake ni mchafu, na neno hilo litarudi na binti yako mpaka kwake, litakaa naye mezani na kitandani. Hivyo ndivyo watu wazima wenye akili zao wanavyojikuta na blanketi saa saba mchana.

"Na tuanze na gari langu," Oketch akasema. "Kuna kitu kinagonga hapo chini. Mzee afungue na vyombo vipya, watu waone."

Waswa akaingia chini ya gari akatazama. Bushi ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, ilikuwa imekwisha, na ili kuibadilisha lazima bolti yake itoke. Sasa magari ya samaki, maji ya barafu na chumvi huyadondokea chini mwaka mzima. Bolti ile ilikuwa imevimba kutu, nyekundu, haina umbo. Akatoka akijifuta.

"Hii inataka muda, mwanangu. Niipe mafuta, niipashe moto kidogo. Saa nane itakuwa tayari."

"Saa nane?" Oketch akacheka. "Baba, nina samaki kwa barafu. Ya nini kuibembeleza bolti na una Mjerumani mkononi? Tia bomba, vuta!"

Gunia la soketi za Joginder lilikuwa pale pale, karibu na mguu wa Waswa. Akalitazama. Ni kutazama tu, lakini Oketch aliona.

"Ama zangu ni takataka?" Bado alikuwa anatabasamu, ila macho yake yalikuwa yameacha.

Na ni wakati huohuo Nelima alifika na chupa ya chai, ametumwa na mama yake amkaribishe mumewe. Akasimama kando ya banda, akaona sanduku, akaona soketi mkononi mwa baba yake, akaona gunia. Waswa alimwona akisimama hapo, na moyo wake ukasema watoto, watoto, watoto. Akalisukuma gunia kwa kisigino.

Akarudi chini ya gari, akavalisha soketi mpya kwenye bolti. Akachomeka bomba la maji kwenye mpini wa soketi ili apate nguvu, kama wafanyavyo wajinga wote wenye haraka, yeye ambaye alikuwa amewatukana wajinga hao miaka thelathini na miwili. Akavuta. Bolti haikutikisika, lakini ndani ya soketi kitu kilisema tik. Alikisikia vizuri. Angeweza kuacha hapo. Fundi wa siku yake ya kwanza angeacha hapo.

"Vuta, Mzee! Umekula nini leo?" Oketch akapaza sauti, na watu wakacheka.

Akavuta kwa uzito wote wa mwili wake. Soketi ikapasuka, bomba likaruka, na mkono wake wa kulia ukaenda na nguvu ile yote kwenye ukingo wa diski ya breki. Alitoka chini ya gari akiwa ameushika mkono kifuani, na kidole cha shahada kilikuwa kinaning'inia mahali ambapo vidole havining'inii.

Wa kwanza kucheka ni Oketch. Labda ni hofu, wapo watu wa hivyo, mimi simtetei. "Wee, Mzee! Mkono umechoka huo! Mnaona? Chombo kipya kinataka mkono mpya!" Na kwa sababu soda zilikuwa zake, mafundi wakacheka pia, wale wale ambao Mzee Waswa alikuwa amewaokoa na aibu mara mia. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika nguzo.

Idd hakucheka. Alimfunga Waswa kitambaa, akamkalisha juu ya tairi, halafu akalichukua gunia la Joginder bila kuomba. Akasugua, akamimina mafuta, akapasha moto, akagonga, akaikaza kidogo kwanza. Alikuwa ameona kazi hiyo kwa miaka, kumbe alikuwa akisoma. Baada ya nusu saa bolti ikatoka nzima. Watu wakapiga makofi.

"Fundi ndiye huyu!" Oketch akamkumbatia Idd. "Kuanzia leo magari yangu yote ni kwako. Mzee wetu apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha."

Waswa, juu ya tairi, akamtazama Idd. Alingoja aseme neno moja tu: soketi. Idd akainama akaanza kupangusa vyuma. Ulimi ule wote, siku hiyo uliisha.

Nelima ndiye aliyempeleka hospitali kwa tuktuk. Walikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto, kitambaa kikilowa. Muuguzi alikuwa ameangalia mara moja akasema kidole hicho hakirudi, kitakatwa, wangoje daktari. Nelima akasema bila kumtazama:

"Baba, nikuulize kitu. Ilikuwa soketi ama ilikuwa mkono wako?"

Waswa alihisi maumivu yakipanda mpaka begani. Akawaza kuhusu wale watoto wawili Usenge. Alibakisha hatua moja tu, ile ya mwisho, na Nelima angekuwa garini.

"Ni mkono, mama," akasema. "Uzee huu. Uliteleza."

Nelima akafungua mkoba wake akatoa kitu, akakiweka mapajani mwa baba yake. Ilikuwa ile soketi, imepasuka toka juu mpaka chini kama ganda la njugu.

"Niliiokota kabla Oketch hajaificha," akasema. "Unajua nilitoka kwake kwa nini? Mtoto mdogo alishikwa na malaria. Akaleta dawa ya mchuuzi wa barabarani, nikamwambia hii ni feki. Akanizaba kofi mbele ya mama yake. Akasema, uliza mtu yeyote. Nikauliza. Mama yake akasema dawa ni nzuri. Jirani akasema ni nzuri. Mtoto alitetemeka siku tatu, Baba, karibu anifie, na wote wanasema dawa ni nzuri. Nikajiambia, nitaenda kwa baba yangu, yeye haogopi mtu. Siku moja atamwambia huyu mtu ukweli, mara moja tu, nami nitapata nguvu ya kuwafuata watoto wangu hata kwa chifu."

"Nelima." Waswa machozi yalikuwa yanamtoka. "Ilikuwa soketi. Haki ya Mungu ilikuwa soketi. Nilijua tangu nilipoishika."

"Usiniambie mimi. Mimi najua. Mwambie yeye."

Na hakukuwa na haja ya kungoja, kwa sababu Oketch alikuwa anaingia mlangoni na machungwa kwenye mfuko wa karatasi, akisalimia benchi zima kama mgombea wa kura. "Baba, pole sana! Uzee ni kitu kibaya, eh? Lakini usijali, vile vyombo nimekuachia nyumbani, ukipona utaendelea navyo."

Akina mama wote wakageuka kumtazama Waswa. Nelima naye alimtazama, uso wake wazi kabisa, kama alivyokuwa akimtazama akiwa na miaka sita. Soketi ilikuwa mapajani. Ilikuwa ni kuinyanyua tu. Waswa akafungua mdomo, akafikiria Nelima atalala wapi usiku huo akiwa amemwaibisha mumewe mbele ya watu, akafikiria boma la Usenge likiwafungia watoto wale milele. Kisha, nimseme nilivyomjua, aliogopa tu. Akaifunika soketi kwa mkono wa kushoto.

"Asante kwa kunijia, mwanangu," akasema.

Nelima akainuka. Akachukua mfuko wa machungwa mkononi mwa mumewe, akauweka kwenye benchi kando ya baba yake, akatoka mbele kuelekea kwenye gari. Oketch akamfuata akicheka na askari wa mlangoni.

Muuguzi akatokeza kichwa, akaita jina la Waswa, akauliza kama ana mtu wa kuingia naye. Akasema hapana, akaingia.